Siku Ishirini na Tatu za Kabula

Marehemu Marcelina Kabula Masolwa alizaliwa Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, hospitalini mjini Tabora, mtoto wa kwanza wa Masolwa na Advera, wakulima wa hapa Puge. Alizaliwa njiti, kilo moja na gramu mia moja, mvua ikipiga bati. Ndiyo maana akaitwa Kabula, yaani mtoto wa mvua.

Shule hakuiona. Kazi yake ilikuwa kupumua, na aliifanya kwa bidii kuliko wengi wetu tuliosimama hapa.

Tuseme ukweli, maana Advera mwenyewe karuhusu: aliona wivu, tena wivu wa kumchoma roho. Yeye alikamua maziwa kwenye kikombe, lakini aliyemlisha mtoto kwa mrija ni Muuguzi Mwanne, mama mmoja mkazi wa Isevya, hukohuko mjini. Mwanne ndiye aliyemgeuza na kumsafisha, huku akimwita "bi mdogo wangu". Siku moja Kabula alikishika kidole cha Mwanne, akagoma kukiachia. Advera akaja juu.

"Bi mdogo wako tangu lini? Nimemzaa mimi!"

"Ni wako, mdogo wangu. Mimi nakutunzia tu."

Advera alinuna siku nzima, na chai aliyoletewa na Mwanne hakuigusa.

Siku ya kumi na saba mtoto alipoa mwili, maziwa yakawa hayakai tumboni. Majibu ya damu yalipotoka, daktari alieleza kwamba fangasi wameingia kwenye damu. Huwapata njiti waliolazwa muda mrefu. Akaanzishiwa dawa kwa dripu. Advera aliuliza, kwa sauti ya chini, kama ni kijicho chake kilichomdhuru mwanawe.

"Hapana, mama. Wivu hauingii kwenye damu," alisema daktari.

Alhamisi, tarehe 27 Novemba, alasiri, pumzi zilipungua. Advera alikuwa akingojea ubatizo wa shangwe hapa kijijini. Mwanne ni Mwislamu, lakini alishaona Wakatoliki wakibatiza watoto mahututi. Alileta kikombe cha maji, akamweka Kabula kifuani kwa mama yake, akarudi nyuma.

"Mbatize wewe. Hili mimi siligusi."

Advera akambatiza. Kabula alifariki pale pale kifuani, saa kumi na dakika ishirini.

Ameacha baba, mama, bibi yake Marcelina, mama yake mkubwa Apolinaria aliyeandika haya, na Muuguzi Mwanne, yule pale nyuma mwenye ushungi. Advera ameagiza Mwanne aandikwe, ila aandikwe baada yake.

Sasa anayempakata Kabula ni Mungu, na huyo naye Advera anamwonea wivu. Apumzike kwa amani, mtoto wetu.