Trekta la Mzee Polepole Lagoma Msibani

Wasikilizaji wapendwa, habari ninayo, ila leo nzito. Mzee Polepole hatunaye. Ndiyo, yule dereva wa trekta jekundu. Ametutoka Jumanne, kwa maradhi ya kifua.

Jamani, trekta lile! La zamani, la saizi ya kati. Silinda tatu, gia nane za mbele, mbili za nyuma. Kibanda halina; jua lako, mvua yako. Nguvu za farasi sitini na kitu, na Mzee alikuwa anasema, "Farasi wengine wamezeeka humo, wanakula dizeli tu." Ukimwambia aongeze mwendo, anakujibu, "Kwani ardhi inakimbilia wapi?"

Sasa sikieni. Jioni alikuwa analiegesha juu mteremkoni, chini ya mti. Kila jioni, mteremkoni. Watu wakadhani anafuata kivuli. Basi siku ya mazishi ndugu wakalivuta hadi uwanjani, pakavu, tambarare. Wakaliosha, wakalipamba maua. Nia njema kabisa.

Kesho yake, likagoma kuwaka. Mdogo wake marehemu akasema, "Shemeji, hiki ni chuma chakavu. Tukiuze."

Mjane akamgeukia. "Mvua hii hapa, shamba halijalimwa, wewe unauza trekta? Mbona wewe mwenyewe huwaki mpaka unywe chai, na hatujakuuza?"

Watu wakacheka huku wanalia. Ndipo binti yao akasema taratibu, "Mama, starta ilishakufa. Baba alikuwa analiachia literemke, halafu anatia gia. Sikuwahi kumwona akiliwasha penye tambarare."

Kumbe! Hakikuwa kivuli, ulikuwa mteremko. Waombolezaji wakalivuta kwa kamba, wakalisukuma hadi juu mteremkoni, wakiwa na viatu vyao vya msibani. Binti akapanda. Likateremka, likakohoa, likatoa moshi mweusi. Likawaka! Haliuzwi tena, wapendwa. Binti analima nalo.

Nikamuuliza mjane, mama, ulijisikiaje? Akasema, "Niliposikia ule mlio, niliinuka kumtengea maji ya kuoga. Nikafika mlangoni na ndoo, ndipo nikakumbuka."

Mama, binti, shemeji, poleni sana. Mungu awape subira.

Na wewe unayenisikiliza, nyumbani kwako kuna mtu ana jambo analifanya kila siku, na hujawahi kumuuliza kwa nini. Muulize leo. Leo bado anaweza kukujibu.