Redio Moja, Nyumba Kumi na Moja

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna sufuria jikoni, iepueni kidogo. Dakika hizi ni za Bi Nthenya Mutuku, mkulima wa Mwala, aliyetuacha wiki mbili zilizopita akiwa na miaka arobaini na sita. Jina lake ni Nthenya Mutuku. Tunalirudia kwa sababu kwao walimwita kwa jina jingine kwa miaka tisa.

Mwaka wa 1998, shirika moja lilitaka kulinganisha maisha ya vijiji viwili vikavu. Kimoja Mwala, hapa Kenya. Kingine karibu na Singida, Tanzania. Penye shida zaidi ndipo pangechimbwa kisima. Vijiji viwili, kisima kimoja.

Nthenya alikuwa amemaliza kidato cha nne, basi akapewa kazi ya kujaza fomu. Paa ni la nini? Viti vingapi? Kuna redio? Aliwafuata wanawake mtoni, walikokuwa wakifukua mchanga kutafuta maji, akawaambia, "Semeni ukweli tu. Maji yatakuja."

"Na hao wa Tanzania wakidanganya?" mmoja akamuuliza.

"Wao wana karani wao. Mimi ni wenu."

Lakini mnatujua sisi na wageni. Nani anamkaribisha mgeni kwenye nyumba tupu? Asubuhi ya kazi, Henry, msimamizi kutoka Nairobi, alipofika, vitu vilikuwa vimeshaanza kutembea nyumba hadi nyumba. Kijiji kizima kilikuwa na redio moja. Ilikuwa ya Mutheu, rafiki wa Nthenya tangu darasa la kwanza, na ilivaa kitambaa chekundu alichokifuma Mutheu mwenyewe. Nthenya aliikuta katika nyumba ya kwanza. Akaikuta tena katika ya tatu. Yeye na Henry walipita njia kubwa, redio ikapita nyuma ya maboma na kuwatangulia.

Kwa jirani yake Kalekye alishindwa kunyamaza. Akamwuliza kwa Kikamba, Henry asielewe, "Kalekye, hii redio ina miguu?"

"Mwaitu, mama yangu, wewe andika. Unataka mgeni aone nyumba yangu kama pango?"

Nthenya aliandika. Fomu iliuliza kama redio imo ndani, na kweli ilikuwamo. Ila pembeni, kwa penseli, akaongeza: ya kuazima, ni ya Mutheu. Aliandika hivyo mara kumi na moja.

Majibu yalirudi baada ya miezi minne. Mwala, redio kumi na moja. Singida, redio mbili. Kule, wageni walikalishwa mkekani, na mkeka ndio ulioandikwa. Kisima kikaenda Singida. Nthenya alimwuliza Henry kuhusu maandishi yake ya penseli.

"Dada, kompyuta haisomi pembeni," Henry akamjibu.

Chifu alipoyasoma majibu barazani, mtu akasema, "Huyu ametuuza." Wengine wakaitikia. Nthenya akasimama. Hakutafuta watu kumi na mmoja wa kumtetea. Alimtafuta mmoja.

"Mutheu, waambie redio ni ya nani."

Mutheu alitazama viatu vyake. "Mimi sijui mambo ya fomu."

Siku hiyo Nthenya akaitwa Karani wa Singida. Aliitwa hivyo mtoni, aliitwa hivyo sokoni, na hata watoto waliozaliwa baadaye walimwita hivyo bila kujua Singida ni wapi.

Binti yake, Nzisa, anakumbuka. "Mama hakuazima tena kitu, hata chumvi. Mgeni akija na viti viko pungufu, anampa chake, yeye anasimama. Hakuchukia watu. Alisema wengi waliona redio ikiingia tu kwao. Mutheu ndiye aliyeiona ikitoka."

Miaka tisa alipanda pojo, akamfungia punda mitungi, akashuka mtoni na wenzake. Walichota katika shimo moja, yeye akingoja zamu ya mwisho. Homa ya mapafu ilimchukua kabla ya mvua za Novemba.

Juzi Mutheu alikuja hapa kwenye stesheni. Alikuwa amebeba kitu kwenye kitambaa chekundu kilichopauka. Akakiweka mezani.

"Ilikuwa yangu," akasema. "Iliondoka kwangu asubuhi, ikarudi saa kumi. Nilijua kila nyumba ilikopita."

Tulimwuliza kwa nini hakusema barazani.

"Nyumba kumi na moja zingeaibika. Nikaona heri aaibike mmoja."

Na baadaye? Miaka yote tisa?

"Nilikuwa nangoja anisalimie kwanza."

Tulimpelekea Nzisa maneno hayo. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mwenye kuambiwa tumeshamzika."

Nzisa, na ukoo wote wa Mutuku, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Mama yako hakuuza kijiji. Aliandika ukweli mara kumi na moja, na waliopaswa kuusoma hawakuusoma.

Wasikilizaji wapendwa, redio ile bado inafanya kazi. Bi Mutheu alituambia leo angetusikiliza nayo. Nanyi huko mliko, itazameni hiyo inayowaletea sauti hii. Kama si yako, mtaje mwenyewe. Mtaje leo, angali anasikia.