Darasa la Jini

Basi la kutoka uwanja wa ndege lilikuwa na viti tele, lakini bibi mmoja alichagua kukaa kando ya binti aliyepakata chupa iliyoviringishwa kwenye sweta. Fundi cherehani aliyekaa nyuma yao alifumba macho. Masikio aliyaacha kazini.

"Huko safarini nilisoma kuchanganya jini," binti alisema. Bibi akajivuta pembeni. "Majini hayachezewi, mjukuu wangu." "Jini ya kunywa, bibi. Darasa la watalii. Unaponda majani, unakamua ndimu, unatia barafu, unatikisa."

Fundi alitaka kucheka, ila binti hakucheka. "Baba alikuwa akiificha mgongoni kila mama akitokea, mpaka ikamzika. Nilitaka nijue alikuwa anatafuta nini humo."

"Ukakiona?"

"Niliona kinywaji kinachonukia vizuri. Hicho ndicho kilichoniuma. Kwetu haikuwahi kunukia vizuri."

Bibi aliigusa ile sweta kwa kidole. Kisha akauliza chupa ni ya nani.

"Nampelekea mama. Ameilaani jini miaka yote bila kuionja."

"Mwenzio amefua mashuka ya mlevi mpaka amemzika, nawe unamrudishia jini mlangoni, tena lenye ndimu? Wewe uliyeionja, umelala vizuri tangu siku hiyo?"

Basi likasimama. Fundi akafumbua macho kusikia jibu, lakini binti alikuwa ameshashuka. Mama yake alimngoja kituoni, mikono wazi. Kabla ya kumkumbatia, binti aliihamishia chupa mgongoni.