Mama Wastani na Nishati Isiyokaa Nukta Moja

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mama Wastani, mhadhiri wa fizikia, mke wa fundi mapazia. Ametutoka wiki iliyopita. Jina hilo alipachikwa na wenzake kazini, na halikuwa la kumsifu. Narudia: halikuwa la kumsifu. Wengine mmeshasahau. Kipindi hiki hakisahau.

Alifundisha mawimbi ya mvutano. Nyota mbili nzito zikizungukana huko mbali, nafasi yenyewe hutanuka na kubanwa, na mtikisiko huo husafiri hadi kwetu. Swali lililomsumbua maisha yake yote: wimbi hilo limebeba nishati kiasi gani, na iko wapi?

Mkuu wa idara alitaka jibu la nukta. "Hapa," aligonga meza kwa kidole. "Hapa pana kiasi gani?"

"Hapo sikwambii, Mkuu, na wewe huwezi kuniambia. Ukijiachia uanguke pamoja na nukta hiyo, mvutano huuoni tena, kama aliye ndani ya lifti iliyokatika kamba. Chukua eneo lenye mawimbi kadhaa, upige wastani. Hapo nishati inatulia."

"Nishati isiyo na pa kukaa ni uchawi!" Akaitisha kikao: somo lifutwe, mama arudi kufundisha mizani na kapi.

Asubuhi ya kikao, fundi mapazia aliamka akakuta sebule inawaka jua. "Fundi mapazia mzima," anasema, "majirani wananitazama nikiwa na kaptura ya kulalia! Nikampigia: mama, fimbo ya pazia iko wapi? Akanijibu: baba, iko kazini."

Kikaoni mama aliishika fimbo, akazisugua juu yake pete za kuning'inizia pazia, mbele na nyuma. "Leo wimbi ni mimi. Wimbi linazisogeza pete, fimbo inakaza haitaki kuvutika. Mkuu, shika. Zina moto?"

"Kidogo."

"Joto hilo limetoka wapi, kama wimbi halikubeba kitu?"

Mkuu akanyakua chaki. Akachora ubaoni anga tupu, akaigawa kwa mistari ya kupimia ya mviringo, akapiga hesabu nukta kwa nukta. Nishati ikatoka, tena ya kumwaga. Akapigiwa makofi.

"Hongera," mama akasema. "Hakuna nyota, hakuna wimbi, na umepata umeme wa mji mzima." Akafuta ile mistari, akachora iliyonyooka. Jibu likawa sifuri. "Nishati gani hii inayokimbia ukibadilisha mistari?"

"Walicheka hadi wengine wakashika mbavu," anakumbuka dada yake, aliyekuwa karani wa kikao. "Nikajua tumeshinda."

Wakapiga kura. Somo likafutwa. Narudia: walicheka, wakaelewa, wakalifuta. Mama akafundisha kapi hadi alipostaafu.

Leo somo limerudi. Anayelifundisha ni mkuu yuleyule! Mwanafunzi akiuliza nishati iko wapi hasa, anafoka: "Nukta moja haitoshi! Piga wastani!"

Mazikoni Mkuu alimshika mkono fundi mapazia. "Shemeji, mama alikuwa mbali sana kimawazo. Tusingemfikia."

"Mbali wapi, ndugu yangu?" fundi akamjibu. "Alikuwa ubaoni, mbele yenu."

Poleni sana, fundi wetu, dada, na wote aliowafundisha. Nawe msikilizaji unayekwenda kikaoni kesho, kabla hujanyoosha mkono, jiulize: unaikataa hoja, au unamkataa aliyeshika chaki?