Sauti ya Kinya na Viti vya Kanisa

Benchi langu liko kando ya kinu cha kusaga unga hapa Mitunguu, pale malori hupakia ndizi. Mimi, bibi kizee wanayemwita shosho, huleta kahawa, wanaume huleta mdomo. Asubuhi hiyo walikuwa watatu. Nyaga, mtu wa Embu aliyeoa huku, ni mwenyekiti wa kwaya. Tunamwita Ajenda, maana hata kukusalimia anaanza na ya kwanza. Gitobu, mwimbaji wa kwaya hiyo hiyo, ni dereva wa lori, jina lake Breki, kwa vile hana. Wa tatu ni Mutuma, kijana wa kompyuta, na kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa. Nyimbo zote za kwaya alikuwa ameziweka kwenye seva, yaani kompyuta ya kukodi iliyo nchi za mbali, watu wakizisikiliza kwa simu. Juzi hiyo kompyuta ilikufa. Ndani yake kulikuwa na wimbo ambao marehemu Kinya aliutunga na kuuimba mwenyewe, na Jumapili ni ukumbusho wake. Mama yake, Gatakaa, alikuwa njiani kuja kuuchukua. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

— Mwambie wewe, Ajenda, Breki akasema. Si wewe ni mwenyekiti?

— Ya kwanza, Nyaga akasema, nani aliua hiyo mashine?

— Ni joto, bana, akasema Breki. Hata lori langu, nikipanda nayo Nkubu na ndizi bila maji kwa rejeta, injini inakufa.

— Si joto, Mutuma akasema. Diski iliharibika tu.

— Kwani, Nyaga akamwuliza, si ulituambia inajifanyia bakapu kila usiku, hata wewe ukiwa umelala?

— Ilikuwa inajinakili yenyewe. Haikuwahi kukosa hata usiku mmoja.

— Basi toa hiyo nakala!

— Ilikuwa humo humo.

— Humo wapi? nikauliza.

— Ndani ya kompyuta ile ile, shosho. Wimbo na nakala yake vimekufa pamoja.

Nikamwuliza ni shule gani ilimfunza hivyo. Akamtazama Nyaga. Nyaga akatazama kikombe.

— Mimi nilitaka nakala ikae kompyuta ingine, mji mwingine, Mutuma akasema. Kamati ya kwaya ikakataa.

— Tulikataa kwa sababu ya viti! Nyaga akafoka. Shosho, unakumbuka viti vya kanisa? Tuligawanya, nusu ikalala kwa Breki. Viko wapi leo?

— Vya kwangu vililiwa na mchwa, Breki akasema.

— Viti vya plastiki?

— Mchwa wa huku hawachagui.

— Ndiyo tukapitisha: mali ya kanisa inalala pamoja, mlango mmoja, kufuli moja.

— Na mlifanya vizuri, Breki akasema. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Methali za Breki ni kama viatu vya mtumba. Ni vizuri, lakini vilikatiwa mguu wa mtu mwingine.

— Mimi nasema wameiba, Nyaga akaendelea. Wale wenye mashine walisikia hiyo sauti wakaipenda. Saa hii inauzwa huko.

— Ama imemfuata mwenyewe, Breki akasema polepole. Mama yake alikuwa anaipiga kwa simu kila jioni akikamua ng'ombe. Mtu akiitwa sana hivyo, hata akiwa amekufa, anachoka, anachukua sauti yake anaenda.

Nikamwongezea Breki kahawa bila kumdai.

Gatakaa akatokea upande wa kinu, simu imefungwa kwenye leso.

— Mutuma, mwanangu, hii simu inazunguka tu, haiimbi. Tangu juzi hata ng'ombe hataki kuachilia maziwa.

Mutuma akasimama. Akamwambia yote, hata ya diski, hata ya nakala. Ya kamati hakusema. Nyaga akaisema mwenyewe, macho chini. Gatakaa akaketi.

— Haiwezi kurudi?

— Haiwezi, mama.

Akaifunga simu tena kwenye leso, akakaza fundo.

— Basi niimbieni. Nyinyi wawili mlikuwa mnasimama nyuma yake.

Breki akavua kofia. Akaanza ile sauti ya chini, na Nyaga akaingia juu yake. Waliimba vizuri, siwezi kuwanyima hilo. Lakini walikuwa wanaitikia tu. Kila walipofika pale walipofundishwa kunyamaza ili Kinya aimbe, walinyamaza, wakangoja, kisha wakaitikia. Katikati palipita kelele ya kinu.

Gatakaa akawasikiliza mpaka mwisho.

— Hapo mnaponyamaza, akauliza, yeye alikuwa anasema nini?

Breki akamtazama Nyaga. Nyaga akakiri kwamba wao walifundishwa kuitikia tu. Mutuma alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati.

Nikainua birika nimjazie Gatakaa kikombe. Yakatoka mashapo matupu.