Marehemu Nogami Katsue (1951–2024), Mama wa Gari Jeupe

Mwaka 2012, pale penye banda la taka la mtaa wetu hapa Tomioka, jirani yetu Bibi Kurata aliwanong'oneza wenzake kwamba mjane Nogami Katsue amemficha mwanamume ghalani. Ushahidi alikuwa nao: ovaroli kubwa ya kiume ilianikwa kila Jumapili, redio ya ghalani haikunyamaza, na mjane mwenyewe alikuwa ameanza kuimba akiosha vyombo. Maneno yakamfikia Katsue. Hakununa. Alichukua bakuli la figili za kuchachua, akamfuata Bibi Kurata mlangoni kwake.

"Mama Kurata, njoo basi umwone. Ana miaka ishirini na mitatu, ila kutu imemla vibaya."

Akafungua ghala na kuvuta turubai. Chini yake palikuwa na gari dogo jeupe la milango mitatu, lisilo na hata gurudumu moja. Bibi Kurata yuko nasi hapa leo, na ni yeye aliyeomba kisa hiki kisiachwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1951 huko Shimonita, mkoani Gunma. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa marehemu Iizuka Sadao na marehemu Iizuka Fumi, wakulima wa vitunguu. Alikuwa mtoto mdogo wa umbo, na hata alipokuwa mtu mzima hakuvuka sentimita mia na arobaini na nane.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Shimonita, akamaliza shule ya kati Machi 1967. Alitaka kwenda shule ya ufundi akajifunze injini, na mwalimu wake alifika nyumbani kumwombea, lakini baba yake alisema mahali pale ni pa wavulana. Katsue hakubishana. Alikuwa na shule yake nyingine: baba akiwa shambani, aliifungua baiskeli ya baba huyo vipande vipande, kisha akaifunga kabla hajarudi. Siku moja alimaliza kuifunga akajikuta bado ana skrubu moja mkononi. Wiki nzima alilala nayo chini ya mto, akisubiri kusikia baba kaanguka. Baba hakuanguka. Habari za skrubu hiyo hakumwambia mtu mpaka alipokuwa bibi.

Aprili mwaka huo huo aliajiriwa katika kiwanda cha cherehani hapa Tomioka, akafanya kazi humo hadi Oktoba 2011 alipostaafu, miaka arobaini na minne na ushei. Kazi yake ilikuwa kuzikagua mashine kabla hazijatoka. Wenzake wanasema alikuwa akifumba macho na kuweka vidole juu ya mashine inayozunguka, kisha anasema, "Hii irudi," na ikifunguliwa kweli inakutwa na kasoro.

Tarehe 5 Mei 1976 alifunga ndoa na Nogami Shigeru, mpeleka barua wa posta, mtu mpole aliyependa kuvua samaki na kurudi mikono mitupu. Walijaliwa mtoto mmoja, Norihiko, mwaka 1983. Bwana Shigeru alitangulia mbele ya haki Februari 2009.

Gari hilo Katsue alilikuta Aprili 2012 kwa mkulima mmoja wa Kanra, aliyekuwa amelifanya stoo ya vitunguu kwa miaka tisa. Mzee yule alikubali kulitoa kwa sharti kwamba litoke na vitunguu vyake vyote. Kazi ya kulifufua ilichukua miaka minne. Bati lililooza juu ya magurudumu ya nyuma alilikata na kuchomelea jipya mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza hakuridhika. Injini aliishusha kwa winchi ya kuazima, akabadilisha pete za pistoni na sili za valvu, akairudisha, akaishusha tena kwa sababu ya mlio ambao hakuna mwingine aliyeusikia. Alichokibadilisha kwa kupenda kilikuwa kichache: shokapu ngumu kidogo, pedi za breki zinazovumilia joto, na kiti cha dereva kinachokumbatia mwili, alichokifunga kwa bolti kwa kipimo chake mwenyewe, kisichosogea mbele wala nyuma. Hakutaka kulipaka rangi nyingine. Alisema gari hili lilizaliwa likijua linachotaka, yeye kazi yake ni kulikumbusha tu.

Tangu Mei 2016 alilipeleka mara mbili kwa mwaka kwenye uwanja mdogo wa mbio ulioko mlimani, siku ambazo mtu yeyote mwenye gari na helmeti anaruhusiwa kuzunguka. Si mashindano. Mara ya kwanza vijana walimwona akishuka na matonge yake ya wali kwenye kitambaa.

"Bibi, umepotea? Soko liko kule chini."

"Nimepita huko, wanangu, nikachukua vizuri vyote. Nimekuja hapa mteremke mkachukue mabaki."

Siku hiyo alipitwa na kila gari. Mwaka uliofuata alipitwa na nusu yao. Vijana wale wale walimtunzia kivuli cha kuegesha, na wawili kati yao wamebeba maua leo.

Mwaka 2021 Norihiko, mkewe Chinatsu na binti yao Mio walihamia kwa marehemu. Mapema mwaka 2023 mguu wa kushoto wa marehemu ulianza kufa ganzi. Madaktari waliona uvimbe kwenye uti wa mgongo, uliotokana na saratani ya figo. Klachi haikukanyagika tena. Tarehe 12 Juni alikwenda mwenyewe kituo cha polisi akarudisha leseni yake, akainama, akashukuru, akatoka.

Jioni hiyo mezani Norihiko alisema kwamba yuko mtu wa Nagoya analitaka gari. Yeye mwenyewe hulala Saitama siku za kazi. "Nani ataliendesha, Mama? Gari likikaa linaoza. Wewe ndiye ulinifundisha hivyo."

"Chinatsu yupo. Ana leseni ya dhahabu, ile wanayopewa wasio na makosa barabarani, nimeiona kwa macho yangu. Miaka yote hiyo bila kosa hata moja."

Chinatsu aliinamia kikombe chake. Aliona haya kumkatiza mkwewe siku ile. Wakakubaliana hivi: Chinatsu akizunguka uwanja raundi kumi tarehe 9 Novemba, gari linabaki. Akishindwa, mtu wa Nagoya anapigiwa simu.

Asubuhi yake, Mio alipokwisha kupelekwa chekechea, gari liliruka kama chura mara kumi na moja hapo uani, likazima mara kumi na moja. Bibi Kurata alitoka na ufagio kutazama.

"Mwanangu," alisema Katsue, "hii dhahabu uliipata wapi?"

"Sijawahi kuendesha tangu nipewe, Mama. Asiyeendesha hakamatwi."

Katsue alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema, "Haya. Washa."

Walijifunza kila asubuhi majira yote ya joto, mkwe kwenye usukani na mama pembeni, akigonga sakafu kwa mkongojo kuonyesha wakati wa kuachia klachi. Hakumfokea hata siku moja. Alipokosea kabisa alimwambia, "Sikiliza, limekujibu nini?" na Chinatsu, aliyekuwa hajui kwamba gari hujibu, akaanza kusikia. Kufikia Oktoba mkongojo ulikuwa umenyamaza.

Tarehe 9 Novemba marehemu alikaa kando ya uwanja kwenye kiti cha magurudumu, blanketi miguuni na mjukuu mapajani. Norihiko alihesabu raundi kwa vidole. Chinatsu alipitwa na magari yote, moja likampita mara tatu. Raundi ya nne gia ilimponyoka, gari likayumba, akalishika. Raundi ya kumi ilipokwisha, Norihiko alitoa simu mfukoni mbele ya mama yake, akafuta namba ya yule mtu wa Nagoya. "Ni polepole kama posta ya baba," alisema, "lakini limefika."

Marehemu alilazwa tarehe 4 Desemba. Alizungumza vizuri hadi siku za mwisho, akaaga dunia Jumapili tarehe 21 Januari 2024, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanawe akimshika mkono. Leo tarehe 9 Machi, siku ya arobaini na tisa tangu atutoke, kwa desturi yetu tunaweka kaburini mifupa yake iliyobaki baada ya mwili kuchomwa, kando ya mumewe.

Ameacha mwana mmoja, Norihiko, mkwe, Chinatsu, mjukuu, Mio, kaka yake Iizuka Masato wa Shimonita na dada yake Tsuneko wa Takasaki, na majirani ambao pikipiki na mashine zao za kukatia nyasi zilipita mikononi mwake. Vidole vyake sasa vitulie, na roho yake ipate utulivu.

Familia imeona vema kumalizia kwa maneno aliyomwambia Chinatsu hospitalini, siku tatu kabla ya kuondoka. Mkwe alikuwa amekaa kando ya kitanda, sketi imepanda kidogo, na Katsue akaona magoti yake yamevilia damu.

"Hayo magoti yana nini?"

"Ni usukani, Mama. Kiti kiko karibu sana. Hunigonga kila ninapokata kona."

"Tangu Juni?"

"Ndiyo."

"Kina bolti nne tu. Mbona hukusema?"

"Ulikipima kwa mwili wako. Ni kiti chako, sikuthubutu kukigusa."

Katsue alinyoosha mkono na kuweka vidole juu ya magoti yale, macho ameyafumba, kama alivyozoea kiwandani. Kisha akasema:

"Mwanangu, nakuomba jambo moja. Nikiondoka usinitunzie kiti. Chukua spana namba kumi na nne, kifungue, ukitoe, uweke kinachokutosha wewe."