Mama Mirija wa Chumba cha Darubini

Marehemu dada yetu alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Machi 1961, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano. Baba yetu alikuwa karani wa stesheni, na mama yetu mshonaji. Mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu alitoka tumboni akiuliza maswali. Sisi wadogo zake tunathibitisha kwamba hakuwahi kuacha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kuingia sekondari ya bweni mwaka 1975. Huko, mwalimu wa biolojia alichora seli ubaoni, duara lenye kitone katikati. Dada akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona haibonyei? Nani kaishikilia kwa ndani?"

Aliambiwa akae chini. Akakaa, lakini swali lilibaki limesimama. Mwaka 1982 alipata stashahada ya ufundi wa maabara.

Tarehe 3 Mei 1983 aliajiriwa katika taasisi ya utafiti, chumba cha darubini, ghorofa ya pili mwisho wa korido, kwenye ule mlango unaotaka kusukumwa kwa bega. Humo ndimo alimopata jibu lake: mirija midogo ya seli, myembamba kuliko chochote mtu anachoweza kukiona kwa macho. Akawa hana habari nyingine. "Chukua shanga," angekwambia hata kama ulikuja kuazima mkasi, "utunge nyuzi kumi na tatu, uzisimamishe bega kwa bega mpaka zizunguke na kuacha uwazi katikati. Huo ndio mrija. Shanga zenyewe ni protini." Kisha angekueleza kwamba mirija hiyo huisimamisha seli kama nguzo za hema, ni barabara za kupitishia mizigo, na seli ikigawanyika, ndiyo inayovuta urithi nusu huku na nusu huku. Wenzake wa ofisi ya jirani, wakiwa na haraka, walipita ngazi za nyuma. Ndio waliompa jina la Mama Mirija, naye alilipenda kupita kiasi.

Mwaka 1986 sinki la maabara lilipasuka, akaitwa fundi bomba. Alipokuwa amelala chali chini ya sinki, dada akamsomea somo lake lote. Fundi akasikiliza, kisha akauliza, "Ikivuja, nani anaiziba?"

"Haizibwi. Inabomolewa na kujengwa upya, dakika hadi dakika."

"Basi mafundi wa humo ndani wana kazi."

Dada alituambia jioni ile kwamba amepata mtu anayeuliza maswali ya maana. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa binti wawili.

Februari 2018 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Hata hapo alipata la kufurahia, kwani dawa aliyopewa huishika mirija isibomoke, seli ya saratani ikakwama katikati ya kugawanyika. Wauguzi wote wa wodi walifundishwa. Lakini mishipa ya fahamu nayo hupitisha mizigo yake kwenye mirija hiyo hiyo, na vidole vyake vikafa ganzi. Hakuweza tena kushika kioo cha darubini.

Oktoba mwaka huo mkuu wa taasisi alitangaza kwamba wakaguzi wanakuja Ijumaa, tarehe 19. Wasipoona picha moja safi ya mirija, darubini inahamishwa na chumba kinafungwa. Msaidizi wa dada alikuwa likizo ya uzazi. Dada alilia siku hiyo, jambo ambalo hatukulizoea. Kesho yake shemeji yetu aliomba ruhusa kazini, akanawa mikono mpaka viwiko, akasema, "Wewe toa maneno, mimi nitatoa mikono."

Visahani vya seli vilikuwa viwili. Jumanne dada alichoka, akaenda kupumzika kidogo. Shemeji, mtu mwangalifu kupindukia, akaona seli zitaharibika. Akaweka kisahani kimoja kwenye friji.

Walipoendelea na kutazama, seli zilikuwepo, lakini mirija hakuna. Ukungu mtupu wa kijani, ile rangi inayotiwa ili mirija ing'ae. Shemeji akaeleza alichofanya, kichwa chini.

"Umeibomoa yote, mume wangu," dada akasema. "Mirija haivumilii baridi. Ikipoa, shanga zinaachana." Kisha akacheka mpaka akatafutiwa kiti. Shemeji hakucheka, wala hakula siku hiyo.

Jumatano waliingia na kisahani cha mwisho. Dawa ya kuzishika seli zibaki kama zilivyo ilikaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Chupa ya maji ya kuoshea, shemeji aliibana kwapani, ndani ya shati, akatembea hivyo asubuhi nzima. Dada alimwongoza neno kwa neno: polepole, usimwage juu ya seli, pitisha kwenye ukuta wa kisahani. Alhamisi dada akainama kwenye darubini, kisha akainuka kumpisha mumewe.

"Njoo uone kazi yako," akasema.

Chumba hakikufungwa. Dada alistaafu Machi 2021 akiwa amefundisha mafundi wanne, na wote hupasha vyombo joto kwanza. Ugonjwa ulirudi mwaka jana, akatutoka kwa utulivu nyumbani kwake asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024.

Ameacha mume, binti wawili, wajukuu watatu na wadogo zake wanne. Wengi mmeuliza kwa nini jalada la ratiba hii ya mazishi halina sura yake, na kama hilo la kijani ni ua. Ni seli moja, mirija yake imenyooka pande zote, inajiandaa kuwa mbili. Alituachia maagizo kwamba isiwekwe picha nyingine yoyote, na chini yake iandikwe jina la aliyeitengeneza. Limeandikwa hapo. Ni la mume wake.

Dada yetu, pumzika kwa amani, mahali penye joto.